Sauti ya Ng'ambo

Mtaa ninaokaa unaitwa Ng'ambo. Ukiwa stendi ya Tabora ukamwambia bodaboda "nipeleke Ng'ambo," hatakuuliza ng'ambo ya nini; atawasha pikipiki na mtaondoka. Ila neno lenyewe lina kiu ya swali hilo. Hakuna ng'ambo isiyo ng'ambo ya kitu: ya mto, ya bonde, ya bahari. Unguja nao wana Ng'ambo yao, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe, na hata maji yale yalipofukiwa jina halikuondoka. Wewe uko huku, wenzako wako kule, na katikati pana kitu ambacho mguu haukivuki kirahisi. Ndiyo maana mtu akifika ukingoni jambo la kwanza hupaza sauti, kisha hunyamaza asikilize.

Nilikuwa nimelizoea neno hili hata nikawa silisikii tena, mpaka jioni moja shangazi yangu aliponijia. Binti yake alikuwa na ujauzito wa miezi mitano na uvimbe kwenye titi. Kwa wiki kadhaa walikuwa wameambiana kwamba ni maziwa yanajitengeneza, kwa kuwa matiti ya mjamzito hubadilika kila siku. Kisha akakatwa kinyama, kikapelekwa kupimwa, majibu yakarudi na neno saratani. Sasa katika kituo kimoja cha afya mhudumu alikuwa amewaeleza kwamba kuanzia hapo binti atakuwa "anapigwa mionzi ya tumbo" kila baada ya wiki tatu, kumwangalia mtoto.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyesomea maneno, hebu nieleze. Mionzi si ndiyo ile wanayokwenda kuchomwa wagonjwa wa saratani kule Ocean Road?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi mgonjwa ni mama. Huyu wa tumboni amekosa nini hata achomwe naye?"

Nilimjibu kwamba ile si mionzi, ile ni altrasaundi. Akanitazama kama mtu aliyeomba maji akatajiwa jina la kisima. Alikaa kidogo, akaaga, akaondoka na hofu yake vilevile alivyokuja nayo, na mimi nikabaki na aibu ya mtu aliyefundisha Kiswahili miaka mingi asiweze kumtoa shangazi yake wasiwasi kwa sentensi moja.

Mwonzi ni neno zuri. Ni ule mstari wa nuru unaopenya kwenye tundu la paa asubuhi, vumbi likichezacheza ndani yake. Waliolala katika nyumba za tembe wanaujua. Mwaka 1895 Mjerumani Wilhelm Röntgen aligundua nuru isiyoonekana, inayopenya nyama na kuzuiwa na mfupa, na walioiita mionzi kwa Kiswahili hawakukosea. Taabu ilianza pale neno hilo moja lilipotwishwa mizigo mitatu. Kuna mionzi ya picha, yaani eksirei na siti skani. Kuna mionzi ya tiba, ile inayoelekezwa kwenye uvimbe ili kuua chembe za saratani, ambayo kipimo chake hushinda kile cha eksirei ya kifua mara maelfu kwa maelfu. Na kuna altrasaundi, ambayo haina mwonzi hata mmoja. Imeingizwa katika ukoo huu kwa sababu tu nayo hutoa picha, hupigwa katika chumba chenye giza, na mara nyingi mlango wake uko jirani na mlango wa eksirei, chini ya kibao kimoja.

Madhara ya kuchanganya huko yana pande mbili. Upande wa kwanza ndio wa shangazi: mama anasikia mionzi, anakikimbia kipimo ambacho kingemlinda mwanawe. Upande wa pili unanitisha zaidi. Mama aliyekwisha kupigwa "mionzi ya tumbo" mara tano, na kila mara akaambiwa mtoto yuko salama, siku akifikishwa mbele ya mionzi ya kweli ataona hakuna haja ya kutaja kwamba ni mjamzito. Si ameshaizoea? Neno limemfundisha uongo, tena kwa upole.

Njia ya misafara iliyopita hapa kwetu Tabora ina historia ya kubadili maneno. Wakati wa misafara, hongo ulikuwa ushuru ambao mwenye msafara alimlipa mtemi ili apite katika nchi yake, na kila mtu aliujua kama tunavyojua leo kizuizi cha barabarani. Leo hongo ni rushwa, na mtu hukamatwa kwayo. Silaani mabadiliko ya namna hiyo, lugha ndivyo inavyoishi. Lakini hongo lilichukua miaka mingi kuhama, na wakati likihama hapakuwa na mwanamke mgonjwa aliyekaa kwenye benchi akilisubiri litulie.

Usiku ule nilikaa na neno altrasaundi nikilimenya kama karanga. Saundi ni sauti kwa Kiingereza, hilo halina shida. Altra ni Kilatini, ultra, na maana yake ni kupita mpaka wa kitu, kuwa upande wa pili wake. Nililiandika kwenye karatasi nikalitazama. Altrasaundi ni sauti ya ng'ambo.

Ng'ambo ya sikio, kwa hakika. Sikio la binadamu husikia mitetemo kuanzia kama 20 kwa sekunde hadi kama 20,000, na hapo ndipo ukingo. Sauti inayotumika kumwangalia mtoto tumboni hutetema mara milioni 2 hadi milioni 5 kwa sekunde. Mashine hupiga mlio mfupi sana, kisha hunyamaza na kusikiliza. Mlio hupita kwenye ngozi, mafuta, misuli na maji kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, na kila unapokuta mpaka wa kitu na kitu kingine, sehemu yake hurudi. Unaorudi upesi umetoka karibu, unaochelewa umetoka mbali, na kwa kuhesabu kuchelewa huko maelfu ya mara kwa sekunde, mashine huchora paji la uso, uti wa mgongo, kidole. Jeli ile ya baridi inayopakwa tumboni ni ya kufukuza hewa, maana hewa ikibaki kati ya ngozi na mashine, karibu sauti yote hugeukia mlangoni. Wataalamu huitumia sauti hii kwa kiasi, kwa muda unaohitajika tu, kwa kuwa sauti nayo ina nguvu na huweza kuupasha mwili joto kidogo. Hiyo ni adabu ya kazi. Kuchoma ni habari nyingine kabisa.

Kile kinachorudi kina jina la Kiswahili tangu kale: mwangwi. Mtoto yeyote aliyewahi kuita ndani ya kisima kikavu au mbele ya jabali anaujua. Na cha ajabu ni kwamba neno hili tumeshalikopa bila kujua kwamba tunalo. Madaktari wa moyo Dar es Salaam humwambia mgonjwa akapime eko. Eko ni mwangwi. Ni jina la binti wa ngano za Wayunani aliyenyang'anywa maneno yake mwenyewe, akaachiwa kurudia ya wengine. Ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma ukafika Kalemie au Uvira, ambako udaktari husomwa kwa Kifaransa, kipimo hikihiki cha wajawazito ni ekografi, yaani maandishi ya mwangwi. Wenzetu wa ng'ambo ya ziwa walipewa jina la sauti inaporudi. Sisi wa huku, kwa kupitia Kiingereza, tulipewa jina la sauti inapokwenda. Nadhani wao ndio waliopata fungu bora, kwa sababu mama anachotaka kujua ni kile kinachorudi.

Hata popo wanaweza kutusaidia kueleza, mradi tuwachague vizuri. Wale wakubwa wanaovamia miembe yetu msimu wa maembe hutegemea zaidi macho na pua. Ni wale wadogo, wanaokamata wadudu jioni, ndio hurusha milio tusiyoisikia na kujua mahali alipo nondo kwa mwangwi wake. Kila jioni ya Tabora kuna altrasaundi inapigwa juu ya vichwa vyetu, na hakuna aliyeungua.

Na historia ya kipimo hiki kwa wanawake inaanzia karibu sana na saratani. Daktari Ian Donald wa Glasgow, Uskoti, alijua kwamba mafundi wa viwandani hutumia sauti kutafuta nyufa ndani ya chuma bila kukikata. Julai 1955 alipakia kwenye buti za magari mawili uvimbe uliotolewa katika matumbo ya wagonjwa, akaupeleka katika kiwanda cha maboila cha Babcock & Wilcox kule Renfrew, na mafundi wakatoa pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia. Mwangwi wa uvimbe wa maji na mwangwi wa uvimbe wa nyama ukawa tofauti. Baadaye akaletewa mwanamke mwenye tumbo lililovimba, aliyekwisha kuambiwa kwamba ana saratani isiyotibika. Mashine ikaonyesha mfuko mkubwa wa maji unaotokana na ovari, usio saratani. Ukatolewa, mama akapona. Mwaka 1958 Donald, daktari mwenzake John MacVicar na mhandisi kijana Tom Brown wakachapisha kazi yao katika jarida la Lancet, na humo mlikuwa na habari za uvimbe na za mimba pia. Kwa hiyo binti wa shangazi, mwenye vyote viwili, hakuiletea mashine hii jambo geni. Ilizaliwa kwa ajili ya watu kama yeye. Nayo humtazama kotekote: mashine ileile, kwa kichwa kinachofaa ngozi ya juu, ndiyo hutumika kuchunguza uvimbe wa titi kwa mjamzito, kisha kwa kichwa kingine ikashuka tumboni.

Ziwa ni titi, na ziwa ni Nyanza na Tanganyika. Maziwa tunayanywa na maziwa tunayavuka kwa meli. Nimeishi katikati ya maziwa hayo mawili maisha yangu yote bila kuchoka na neno hilo.

Kwa kweli msamiati wote wa uzazi, kwa sikio la mtu wa Tabora, una vumbi la msafara. Sidai kwamba maneno haya yalizaliwa njiani. Nasema tu ninavyoyasikia. Mwanamke hubeba mimba. Ni mjamzito, na uzito wake si wa kumlaumu mtu. Mwisho wa safari hujifungua, kitenzi ambacho hakuna lugha ninayoijua iliyonipa kizuri kuliko hicho: mpagazi aliyetoka Bagamoyo na shanga na vitambaa kichwani, akifika Unyanyembe, hapa Tabora, alitua mzigo akafungua kamba. Na mtoto naye ana mji wake. Mji wa mimba, walisema wazee, na wakunga wengine wanasema bado, ingawa siku hizi hospitalini utasikia zaidi mfuko wa uzazi au kizazi. Mji ni pale watu wanapokaa, na mji pia ni sehemu ya katikati ya kanga, ile iliyozungukwa na pindo. Mama anayejifunga kanga tumboni anafunika mji kwa mji. Sielewi kwa nini tuliuacha mji tukachukua mfuko, kana kwamba mtoto ni unga.

Mji huo una mlango. Katika Tanzania saratani inayowapata wanawake kuliko zote ni ya mlango wa kizazi, na wengine huiita saratani ya shingo ya kizazi. Mimi nashika mlango. Shingo ni umbo tu, lakini mlango una kazi: unafungwa miezi tisa, unafunguka siku moja. Mama akiambiwa ugonjwa uko mlangoni na mtoto atapaswa kupita hapo, ameelewa ugumu wa daktari kabla daktari hajafungua kinywa tena. Mwangwi huweza hata kupima urefu wa mlango huo kwa milimita, kujua kama utastahimili.

Maji anayoogelea mtoto nayo yana jina ambalo halikutoka kwenye kamati yoyote. Tunasema chupa imepasuka. Kamba inayomuunga mtoto na mama ni kitovu, na walioandika kamusi wametuwekea kiungamwana, neno lililojaa huruma ambalo hospitalini silisikii. Na kuna kondo la nyuma, linalotoka mwisho kama mtu aliyebaki kufunga milango.

Nikifika kwa mtoto mwenyewe nakwama. Kwenye karatasi ya majibu huandikwa fetasi, na anayetaka Kiswahili huandika kijusi. Kabla ya kijusi kuna kiinitete, wiki zile za mwanzo, na hilo nalipenda: kiini kilicho tete, kama punje ya mhindi mchanga ambayo ukiiminya inatoa maziwa. (Hospitali ya rufaa ya mkoa wetu inaitwa Kitete. Ni sadfa ya sauti tu, lakini kila nikipita pale nalikumbuka.) Kijusi halina tundu la kuchungulia, mama akilisikia hapati kitu cha kushika. Lakini silifuti. Daktari anayepanga dozi, anayehesabu wiki, anahitaji neno lisilotetemeka mkononi. Ninachoomba ni kila neno likae chumbani kwake: kijusi kwenye faili, mtoto kitandani. Mama mwenye saratani aliyekubali kupitia dawa kali akiwa na mimba hafanyi hivyo kwa ajili ya kijusi.

Wala hasemi kwamba kijusi kinatikisika. Husema mtoto anacheza. Hapo lugha ya mama na sayansi zinakutana bila mkalimani, maana kipo kipimo ambacho mtaalamu hukaa na altrasaundi hadi dakika 30 akihesabu michezo hiyohiyo. Mtoto ametikisa mwili? Amekunja kiungo akakinyoosha? Kifua kimejaribu kupumua, ingawa hakuna hewa ya kuvuta? Maji yana kina cha angalau sentimita 2 pale palipo na nafasi? Kila jibu jema lina alama 2. Mtoto aliyepungukiwa oksijeni huacha kucheza ili kuweka akiba ya nguvu, kama mtu mwenye njaa anavyokaa kimya kivulini.

Lipo neno moja ambalo sitaki litafsiriwe, nalo ni Doppler, kwa sababu ni jina la mtu. Christian Doppler wa Austria aliandika mwaka 1842 juu ya rangi za nyota na mwendo wake, na mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot akaijaribu hoja hiyo kwa sauti: aliwapandisha wapiga tarumbeta kwenye garimoshi. Tabora hatuhitaji tarumbeta. Reli ilifika hapa mwaka 1912, ikaenda Kigoma, kisha likaja tawi la Mwanza, na kila mtoto aliyekulia karibu na stesheni anajua kwamba honi ya treni inayokuja ni nyembamba, na ikishakupita inanenepa. Damu ndani ya kitovu ni treni hiyo. Mashine huipigia sauti, na kwa wembamba au unene wa mwangwi hujua inakwenda wapi na kwa kasi gani. Kati ya pigo na pigo la moyo wa mtoto, damu inatakiwa iendelee kusonga kuelekea kondo la nyuma. Kondo likianza kuwa gumu kupitika, mwendo wa kati ya mapigo hufifia. Hali ikizidi, husimama. Ikizidi tena, damu hurudi kinyumenyume, na hapo madaktari hawangoji kesho.

Kungoja ndilo jambo lenyewe. Saratani hukutana na mimba kama mara moja katika kila mimba 1,000, na kwa miaka mingi watu waliona kuna njia mbili tu: kumpoteza mtoto au kuuacha ugonjwa ukimbie. Sasa inajulikana kwamba upasuaji wa titi huweza kufanyika wakati wa mimba. Dawa za kemo huepukwa katika miezi mitatu ya kwanza, viungo vinapoumbwa, lakini baada ya hapo nyingi kati yake huweza kutolewa. Mionzi ya tiba, kwa kawaida, husubiri mtoto azaliwe. Zipo dawa ambazo haziguswi: trastuzumabu, inayosaidia sana baadhi ya wagonjwa wa saratani ya matiti, huweza kukausha maji ya chupa. Mwaka 2015 madaktari wakiongozwa na Frédéric Amant wa Leuven, Ubelgiji, walitoa matokeo ya watoto 129 ambao mama zao walikuwa na saratani wakiwa wajawazito, wengi wao wakiwa wamepewa kemo tumboni. Kwa jumla walikuwa wakikua kama watoto wengine. Waliobaki nyuma katika akili walikuwa hasa wale waliozaliwa kabla ya wakati.

Nikisoma habari hiyo naona kazi ya altrasaundi ikibadilika sura. Watu huiona kama mpelelezi wa mabaya. Kwa mama huyu, kazi yake kubwa ni kutoa ruhusa ya kusubiri. Kemo huweza kumpunguzia mama damu na mtoto uzito, kwa hiyo kila kabla ya duru mpya ya dawa mashine huulizwa upya: kichwa kimekua, tumbo limekua, maji yapo, treni inakwenda? Jibu likiwa ndiyo, mtoto anapewa wiki tatu nyingine. Karibu na wiki ya 35 kemo husimama, ili damu ya mama na ya mtoto ipate nguvu kabla ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani tangu 2016 linashauri kila mjamzito apate altrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Huyu wetu atahitaji nyingi, na kila moja ni nauli, ni siku bila biashara, ni mtu wa kumsindikiza. Misafara ilikuwa ikikaa Tabora miezi na miezi ikisubiri wapagazi au njia kutulia. Livingstone mwenyewe alingoja Kwihara, hapa jirani, mwaka 1872 kuanzia Machi hadi Agosti. Kungoja si uvivu pale unapojua unangoja nini.

Ugonjwa wenyewe nao una mnyama ndani ya jina lake. Saratani ni Kiarabu, kaa wa majini, yuleyule tuliyempa nyota kwenye falaki. Kansa ni Kilatini, kaa huyohuyo. Galeni, tabibu wa kale, alilieleza jina hilo kwa uvimbe wa titi hasa, mishipa ikiutambaa pande zote kama miguu ya kaa. Kwa Kiswahili kaa pia ni kitenzi, na wazee wakisema ugonjwa umekaa, naogopa. Nasikia watu wakibishana lipi ni Kiswahili bora, saratani au kansa. Mimi husema saratani, lakini sitapoteza usiku kwa hilo. Mnyama ni mmoja, na hakuna mgonjwa aliyewahi kuchelewa kutibiwa kwa sababu ya kuchanganya hayo mawili.

Ya kupoteza usiku ni mengine. Kuna siku ambapo saratani imekutwa mapema mno katika mimba, au mlangoni, na tiba haiwezi kungoja. Hapo Kiswahili kina viambishi vinavyokata. Mimba imetoka: hakuna aliyefanya, ni msiba. Mimba imetolewa: kuna mkono, na mtaa mzima utauliza mkono wa nani. Mama aliyeambiwa kwamba asipotibiwa leo watakufa wote wawili huenda nyumbani na kitenzi hicho cha pili, na nimeona wakunga wakitafuta kitenzi cha tatu, kilicho kweli na kisicho hukumu, wasikipate. Hilo ndilo pengo ambalo kamati za istilahi zingelifanyia kazi kabla ya majina ya mashine. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu 1967, na waliokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, walitupa Kamusi ya Tiba. Mengi tunayotumia tumeyapata kwao. Lakini maneno hayo yameundwa mezani, na mezani hakuna mama anayelia.

Kuhusu mashine, msimamo wangu ni mdogo. Altrasaundi ibaki, imeshakuwa yetu, hata bibi wa kijijini huitaja. Anayemwita mgonjwa asitamke mionzi mbele ya mlango ule, hata mara moja. Na anapotakiwa kueleza, aseme mwangwi.

Nilimwendea shangazi siku ya tatu nikamweleza upya, safari hii kwa kuanzia na jina la mtaa wetu. Hakusema kitu, aliendelea kupepeta mchele. Wiki iliyofuata niliwasindikiza. Mpimaji alikuwa msichana mdogo kwa umri, mpole, akamruhusu shangazi aingie na binti yake, nami nikabaki mlangoni, pazia likiwa wazi kidogo. Jeli ikapakwa. Chumba kikawa kimya. Shangazi alikuwa ameinama kuelekea tumbo la binti yake, kichwa upande, kama watu wanavyosimama ukingoni mwa mto.

"Ameitika?" aliuliza.

Msichana alisogeza kichwa cha mashine chini kidogo ya kitovu, akangoja.

"Ameitika, bibi. Huyu hapa, anacheza."